"Kwa kadiri itakavyowezekana": mwanamke aliyeshika daftari la majina Aramco

Mkataba uliowapa Wamarekani haki ya kutafuta mafuta Saudia ulitiwa saini Jeddah mwezi Mei 1933. Kipengele chake cha 23 kinasema, kwa ufupi, kwamba shughuli zitaongozwa na kusimamiwa na Wamarekani, nao wataajiri raia wa Saudia kwa kadiri itakavyowezekana. Nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi, na nikishika mkataba wowote wa mafuta au gesi, macho yangu hukimbilia kwenye kipengele cha namna hiyo kabla ya kingine chochote. Mrabaha unahesabika. Kodi inahesabika. Mgawo wa mapipa una kanuni yake ya hesabu. Lakini hiyo "kadiri itakavyowezekana" haina kanuni. Kuna mtu ameketi ofisini na orodha ya majina mbele yake, na kila mwaka ndiye anayeamua kadiri hiyo iwe ipi.

Ndiyo maana safari ya kikazi ya Huda Al-Ghoson inanivuta kuliko za wahandisi wengi mashuhuri. Aliingia Saudi Aramco, kampuni ya mafuta iliyozaliwa na mkataba ule, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ana shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kutoka American University ya Washington. Hakuwa mhandisi wala mwanajiolojia, na katika kampuni ya mafuta hilo peke yake ni mzigo. Tena alikuwa mwanamke, katika nchi ambayo wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari barabarani hadi Juni 2018, ingawa ndani ya uzio wa kambi ya kampuni pale Dhahran waliendesha. Akapanda ngazi kwa ngazi ndani ya nyumba hiyo hiyo: akaongoza idara ya sera na mipango ya rasilimali watu, akaongoza mafunzo, na mwanzoni mwa muongo wa 2010 akawa mkurugenzi mtendaji wa rasilimali watu, mwanamke wa kwanza kufika ngazi hiyo katika historia ya kampuni.

Wanaomwandika Huda huishia kwenye hilo neno "wa kwanza". Nalipa heshima yake, maana najua lina gharama gani. Lakini ukiishia hapo hujauliza swali lenye nyama: cheo alichokifikia kina uzito gani? Katika kampuni nyingi mkuu wa rasilimali watu ni mtu wa likizo, barua za onyo na sherehe za kuaga wastaafu. Aramco ilikuwa mahali tofauti, na chanzo cha tofauti hiyo ni kipengele cha 23.

Turudi nyuma kidogo. Kisima namba 7 cha Dammam kilitoa mafuta ya kibiashara Machi 1938. Katika miaka iliyofuata kukajengwa kambi ya Wamarekani yenye nyumba za viyoyozi na bustani za majani mabichi, na kando yake makazi ya vibarua Wasaudi, wengine katika vibanda vya makuti ya mtende. Kambi mbalimbali, mishahara mbalimbali, hata huduma za kila siku zilitengwa. Oktoba 1953 maelfu ya wafanyakazi waligoma. Wakagoma tena 1956, na serikali ikapiga marufuku migomo. Lakini kampuni ilikuwa imeshausikia ujumbe. Mafuta yale yasingechimbwa kwa amani ikiwa Msaudi ataishia kushika sepetu huku Mmarekani akishika kalamu.

Hapo ndipo mafunzo yalipogeuka kuwa kazi nzito. Ali Al-Naimi aliajiriwa mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 12 hivi, mtoto wa kutumwa karatasi ofisini. Kampuni ilimsomesha, ikampeleka Marekani, akachukua shahada ya jiolojia Chuo Kikuu cha Lehigh na ya uzamili Stanford mwaka 1963. Mwaka 1984 akawa rais wa kwanza Msaudi wa Aramco, na baadaye waziri wa mafuta kuanzia 1995 hadi 2016. Habari yake husimuliwa kama ya kijana mwenye akili na bahati, na akili anayo kweli. Ila mimi huwaza yule karani, asiyetajwa popote, aliyeandika jina la mtoto wa Kibedui kwenye orodha ya watu wa kusomeshwa. Karatasi ile ingeweza kuandikwa jina lingine, au isiandikwe kabisa.

Hesabu miaka hiyo. Kutoka 1933 hadi 1984 ni miaka 51. Na kuna jambo moja ambalo sisi Watanzania wenye hisa katika miradi ya wenzetu tunapaswa kulitazama kwa makini. Serikali ya Saudia ilianza kununua hisa za Aramco mwaka 1973, ikafika asilimia 60 mwaka 1974, na kufikia 1980 ilikuwa imelipa thamani ya kampuni yote. Yote! Hata hivyo kiti cha rais hakikukaliwa na Msaudi hadi 1984, na cha ofisa mtendaji mkuu hadi 1988. Hisa zilinunuliwa kwa hundi, lakini viti havikununulika hivyo, maana hakuna duka linalouza mhandisi mwenye miaka 15 ya uzoefu wa hifadhi za mafuta za Ghawar, eneo kubwa kuliko yote la visima vya Saudia. Ilibidi awe amepandwa zamani.

Huda aliingia kampuni katika miaka hiyo hiyo ya kukabidhiana, na akaikuta dhoruba. Mwaka 1980 na 1981 Saudia ilikuwa ikitoa mapipa karibu milioni 10 kwa siku. Kufikia 1985 uzalishaji ulikuwa umeporomoka chini ya milioni 4, kwa sababu nchi ilikuwa ikijibana ili kushikilia bei. Mwaka uliofuata bei yenyewe ikaanguka hadi karibu dola 10 kwa pipa. Yeyote aliyewahi kukaa upande wa utumishi wakati wa msimu wa namna hiyo anajua kinachotokea: ajira zinafungwa, mikataba ya wageni haihuishwi, na bajeti ya mafunzo ndiyo ya kwanza kuwekwa mezani kukatwa, kwa kuwa mwanafunzi hachimbi mafuta mwaka huu.

Hapo ndipo kazi hii inapopima watu. Ukikata mafunzo leo, hakuna kinachoharibika leo wala mwakani. Miaka 15 baadaye unageuka nyuma na kukuta kizazi kizima hakipo: kuna wazee wanaokaribia kustaafu, kuna vijana waliotoka chuo juzi, na katikati pengo. Sekta ya mafuta duniani iliingia kwenye shimo hilo kwa sababu ya ajira zilizofungwa baada ya 1986, kisha ikarudia kosa lile lile bei ilipoanguka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 30 Januari 2016, na mamia ya maelfu ya watu wakapunguzwa kazini.

Wakati mwingine gharama huja kwa sura mbaya zaidi. Machi 23, 2005, mlipuko katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP pale Texas City uliua watu 15 na kujeruhi wengine wapatao 180. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikagua vali na mitambo, lakini walifika pia kwenye idara ya mafunzo, wakakuta bajeti na watumishi wake walikuwa wamepunguzwa mno katika miaka ya kubana matumizi. Waendeshaji walikuwa wamechoka kwa zamu mfululizo. Zamu, mapumziko, mafunzo, idadi ya watu kwenye chumba cha udhibiti: yote hayo ni mambo yanayopita kwa watu wa utumishi. Kwa hiyo anayesema kazi yetu ni ya fomu na mafaili anisamehe, hajawahi kuwa karibu na mtambo.

Nirudi Dhahran. Mfumo wa mafunzo ambao Huda alikuja kuusimamia ndio ninaowaonea wivu Wasaudi kuliko visima vyao. Kijana anachukuliwa akimaliza sekondari, kabla hajawa na shahada yoyote. Anapitishwa mwaka wa maandalizi, Kiingereza na hesabu na sayansi, kisha anapelekwa vyuo vikuu vya nje kwa gharama ya kampuni, akijua akirudi kiti kinamsubiri. Wa ufundi wana njia yao: darasani na karakana, kisha kituo cha kazi, kwa mshahara. Kampuni haingoji soko la ajira limletee watu, inawafinyanga yenyewe. Anayeongoza mafunzo katika mfumo huo anachora leo sura ya uongozi wa miaka 20 ijayo, na kwa Huda kulikuwa na swali la ziada ambalo mwanaume aliyetangulia kwenye kiti kile hakulazimika kuishi nalo mwilini: kati ya majina hayo, wasichana ni wangapi?

Sitaki nimpambe kupita kiasi, wala kuipamba kampuni. Ngazi ile ni ya raia. Mikono iliyomwaga zege na kubeba mabomba katika nchi za Ghuba kwa miaka yote hii ni ya wageni wa mikataba kutoka Asia Kusini, na siku hizi pia vijana wetu wa Kenya, Uganda na Tanzania, walioajiriwa na wakandarasi wa wakandarasi. Hakuna anayewaandika kwenye orodha ya kusomeshwa. Kipengele cha 23 kiliwanyanyua Wasaudi, na chini yao likabaki tabaka lingine lisilo na ngazi.

Halafu kuna dari. Huda alifika pale ambapo mtu wa rasilimali watu anaweza kufika, na si zaidi. Mwaka 2018 Aramco ilipomweka mwanamke wa kwanza kwenye bodi yake, alikuwa Lynn Elsenhans, Mmarekani aliyewahi kuongoza kampuni ya mafuta ya Sunoco. Tazama wanaoketi juu kabisa: Amin Nasser wa Aramco ni mhandisi wa petroli, Mike Wirth wa Chevron na Wael Sawan wa Shell ni wahandisi wa kemikali, Darren Woods wa ExxonMobil ni mhandisi wa umeme. Hata kwa majirani zetu, Proscovia Nabbanja anayeongoza kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda ni mwanajiolojia. Sekta hii inamwamini mtu aliyewahi kusimama kwenye mtambo, na imani hiyo ina msingi wake. Kasoro yake ni kwamba mtu anayejua jinsi watu wanavyoivishwa huitwa kwenye kikao baada ya maamuzi kupita, aambiwe atafute wafanyakazi 200 ndani ya miezi 3. Watu hawapatikani hivyo. Wanaopatikana hivyo ni wageni.

Ng'ambo kidogo ya Saudia kuna mfano unaotugusa kwa karibu. Oman ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1967, na Sultan Qaboos alipochukua nchi mwaka 1970 akawaita Waomani waliotawanyika ughaibuni warudi kujenga. Wengi waliorudi walitoka Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na hata Bujumbura, watu waliosoma Kiingereza shuleni na kujua kazi za ofisi. Wakaingia wizarani, benki na Petroleum Development Oman, kampuni kuu ya mafuta ya nchi hiyo, na kwa miaka mingi ukipita kwenye ofisi zake za Mina al Fahal ungesikia Kiswahili kikizungumzwa kama uko Forodhani. Oman ilikuwa na mafuta, ikawa haina makarani, mafundi na wasimamizi wa kutosha. Shule za pwani yetu ndizo zilizokuwa zimewasomesha, bila mtu kujua zinamsomeshea nani.

Sasa niseme la kwetu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuna sheria nzuri. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 na kanuni zake za 2017 za ushiriki wa Watanzania zinaitaka kampuni iwasilishe mpango wa ajira na mafunzo, na ioneshe ni lini na vipi Mtanzania atachukua nafasi ya mgeni. Uganda wana kanuni zao za 2016, na wana chuo chao cha petroli Kigumba. Katika makaratasi tumewapita Wasaudi wa 1933 kwa mbali, kwa kuwa wao walikuwa na sentensi moja tu yenye "kadiri" ndani yake.

Lakini nimeona makaratasi hayo yakijazwa. Niliwahi kuwa afisa utumishi wa mkandarasi mmoja kwenye mradi wa gesi huko kusini. Kila nafasi ya mgeni ilikuwa na mstari wake kwenye jedwali: cheo, jina, tarehe ya kibali cha kazi kuisha, na mwisho kabisa safu iliyoandikwa "mrithi". Siku moja nililipanga jedwali lile upya kwa alfabeti, nikaona jina moja limejirudia mara 4. Kijana mmoja wa Masasi, mwenye stashahada ya umeme wa viwandani, alikuwa mrithi wa wageni wanne kwa mpigo: msimamizi wa umeme, mtaalamu wa vifaa vya kupimia, mratibu wa matengenezo, na mkuu wa usalama kazini.

Nikamfuata. Nilimkuta stoo, ameinama kwenye boksi anahesabu kofia ngumu, kalamu sikioni. Nikamwonesha karatasi. Akaisoma taratibu, akafuta jasho, akaniuliza, "Dada, hili jina langu aliliandika nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Hakuna hata mmoja wa wale wageni wanne aliyewahi kumwita akae pembeni yake siku moja. Ile safu ilikuwa imejazwa usiku wa kuamkia ukaguzi, na mkaguzi akaikuta imejaa, akaweka tiki. Nilipolipeleka suala lile kwa meneja wangu, aliniambia kanuni inataka jina, na jina lipo. Nililala nalo lile jibu miezi mingi. Niliandika ripoti moja, nikajibiwa kwamba bajeti ya mafunzo itaangaliwa robo ijayo, na robo ijayo mradi ukaisha. Yule kijana akarudi Masasi na cheti cha kutumikia.

Ndiyo maana swali langu kuhusu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ni la safu ya mwisho ya jedwali. Tanzania ina asilimia 15 kupitia TPDC, shirika lake la taifa la mafuta, Uganda vilevile asilimia 15, TotalEnergies ya Ufaransa 62, CNOOC ya China 8. Bomba lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Mafuta yake ni mazito yenye nta, lazima yapashwe moto njia nzima ili yatembee. Maana yake, kwa miongo yote ya uhai wa bomba, kutahitajika watu wa kusimamia vituo vya kusukumia, mifumo ya kupasha moto, matangi na gati usiku na mchana. Ujenzi huajiri maelfu, nao huisha: madereva, wachomeleaji, wapishi wa kambini, vijana wa kiwanda cha kufunika mabomba pale Sojo, Nzega. Uendeshaji huajiri mamia, nao hudumu. Siasa zetu zimeshangilia hao maelfu. Mimi nawafikiria hao mamia, maana miongoni mwao ndimo atakamotoka mkuu wa kituo wa mwaka 2040, na ikiwa leo hajakaa pembeni ya mtu anayeijua kazi, mwaka 2040 tutakuwa bado tunahuisha vibali vya wageni.

Mkaguzi wa serikali hawezi kuliona hilo kwa kuhesabu majina. Angeomba vitu viwili tu: kitabu cha mafunzo cha mrithi, chenye saini za kila wiki, na fursa ya kukaa naye nusu saa amuulize vali ile inafungwaje. Na kampuni ya taifa yenye hisa ingemweka kwenye kamati za mradi mtu mzito wa rasilimali watu, mwenye ruhusa ya kukataa kibali cha kazi kisihuishwe, si afisa mdogo wa kupeleka salamu na kurudi na kumbukumbu za kikao. Huda alifika mahali ambapo neno lake kuhusu watu lilikuwa na bajeti nyuma yake. Kwetu wapo wanawake na wanaume wenye uwezo huo, nimefanya nao kazi, nimewaona wakizeeka kwenye vyeo vya kaimu.

Yule kijana wa Masasi hakukaa kijijini. Alipata kazi ya mkataba Qatar, kwenye kiwanda cha gesi, na kila Idi hunitumia salamu. Mwaka jana alinipigia akacheka kidogo kabla hajaanza kueleza. Na kule kuna jedwali, aliniambia, lina safu ile ile. Ila safari hii yeye ndiye mgeni, na mrithi wake ni kijana wa Kiqatari wa miaka 23. Kila Jumatatu saa moja asubuhi wanakaa meza moja, wanapitia ukurasa mmoja wa kitabu, wanashuka pamoja hadi kwenye mtambo, kisha wanarudi na kutia saini wote wawili. Wamefika ukurasa wa 61.